Ohio State na Michigan: acha msimamo, tazama nani anamsukuma nani

Swali: Tunaishi Columbus, Ohio, na binti yetu anasoma Ohio State. Mimi nimekulia kwenye soka la Simba na Yanga; futiboli ya Kimarekani nimeanza kuifuata hapa hapa. Novemba 28 mwaka huu wa 2026 Michigan wanakuja mjini kwetu. Kazini kila mtu anatabiri kwa kuangalia nani yuko juu kwenye msimamo, lakini mwaka 2024 Ohio State walikuwa wa pili nchi nzima, wakafungwa nyumbani na Michigan iliyokwisha kupoteza mechi 5. Nini hasa kinachoamua mechi hii? Na mtu kama mimi atazame nini, kabla ya mechi na ikiwa inaendelea?

Jibu: Ndugu yangu, wenzako hawakosei kuutazama msimamo. Wanakosea kuishia hapo. Msimamo unaeleza timu imefanya nini katika mechi 11 zilizotangulia, na nyingi kati ya hizo ni dhidi ya wapinzani wasioweza kuhimili kasi ya vijana wa Columbus au Ann Arbor, kwao Michigan. Siku ya mechi hii kila upande una vijana wenye kasi, kwa hiyo kasi peke yake haitofautishi. Kinachotofautisha ni pale mbele kabisa, kwenye mstari mpira unapoanzishwa, ambako wanaume wenye kilo 140 wanasukumana. Anayemrudisha mwenzake nyuma ndiye anayechagua mechi ichezwe vipi.

Chukua miaka ya karibuni, uhesabu yadi ambazo kila timu ilipata kwa kukimbia na mpira mkononi. Mwaka 2021 Michigan walikimbia yadi 297, Ohio State 64; Michigan wakashinda 42–27. Mwaka 2022, yadi 252 kwa 143, Michigan 45–23. Mwaka 2023, yadi 156 kwa 107, Michigan 30–24. Mwaka 2024, yadi 172 kwa 77, Michigan 13–10. Mwaka 2025 mizani ikageuka: Ohio State wakakimbia zaidi na kushinda 27–9 kwenye uwanja wa Michigan. Miaka 5, na katika yote 5 aliyekimbia zaidi ndiye aliyeshinda.

Hapo pana mtego, na wachambuzi wengi hunasa. Timu inayoongoza hukimbia zaidi mwishoni kwa sababu inataka kumaliza muda, kwa hiyo yadi nyingi zinaweza kuwa matokeo ya ushindi badala ya chanzo chake. Ndiyo maana usisubiri jumla ya mwisho wa mechi. Tazama kipindi cha kwanza, wakati tofauti ya pointi bado ni ndogo na kila kocha anacheza anavyotaka. Mechi ya 2022 ni funzo zuri kwa hili: hadi mapumziko Ohio State waliongoza 20–17 na Michigan walikuwa wamekimbia kidogo sana. Yadi zao nyingi zilikuja robo ya nne, pale Donovan Edwards alipotoroka mara mbili, yadi 75 na yadi 85, hadi akafikisha 216. Nitairudia mechi hiyo, maana kilichowafungulia njia si mbio zenyewe bali hofu ya mbio.

Kwa kuwa umetokea kwenye soka, shika kanuni moja tu kwanza, mengine yatafuata. Timu ina majaribio 4 ya kusogea yadi 10. Ikifaulu, inapewa majaribio mengine 4. Ikifika jaribio la nne na bado iko mbali, kwa kawaida huupiga mpira mbali kwa mguu ili mpinzani aanzie nyuma, au ikiwa karibu na milingoti hupiga mkwaju wa pointi 3. Kuuingiza mpira eneo la mwisho ni tachidauni, pointi 6, na mkwaju wa ziada huongeza 1. Kila kitu katika mechi hii kinatokana na swali dogo: katika jaribio la kwanza, walipata yadi ngapi? Ukipata 5, majaribio yanayofuata ni mepesi na kocha anaweza kukimbia au kupasia, yaani kuurusha mpira kwa mkono. Ukipata 0 au 1, kila mtu uwanjani anajua kwamba utalazimika kupasia, na walinzi wanaacha kuogopa mbio na kumvamia kwotabeki wako, yule anayeupokea mpira na kuupasia.

Sasa tuifungue hiyo mechi ya 2024 inayowasumbua watu wa Columbus hadi leo, maana inafundisha kuliko zote.

Ohio State waliingia wakiwa wamepoteza mechi moja tu, wakipewa nafasi ya kushinda kwa karibu pointi 20. Walikuwa na wapokeaji ambao timu yoyote nchini ingewataka: Jeremiah Smith, Emeka Egbuka, Carnell Tate. Michigan kwa upande wao hawakuwa na Will Johnson, mlinzi wao bora wa pembeni, wala Colston Loveland, mpokeaji wao mkuu. Kwotabeki wao alipata yadi 62 tu za pasi kwa mechi nzima. Mtu akikuonyesha takwimu hiyo bila matokeo, utasema Michigan walifungwa vibaya.

Lakini tazama katikati ya uwanja. Ohio State walikuwa wamewapoteza kwa majeraha wawili wa safu ya mbele: Josh Simmons, aliyelinda upande wa kushoto, na Seth McLaughlin, yule wa katikati anayeuanzisha mpira. Ikabidi wahamishe watu. Na nani alikuwa mbele yao? Mason Graham na Kenneth Grant, walinzi wawili wa katikati ambao miezi michache baadaye walichaguliwa na timu za NFL, ligi ya kulipwa, katika raundi ya kwanza. Yaani sehemu dhaifu kabisa ya Ohio State ilikutana na sehemu yenye nguvu kabisa ya Michigan. Na bado Ohio State waliendelea kupeleka mkimbiaji pale pale katikati. Mbio 26, yadi 77, wastani wa yadi 3 kwa mbio. Kila jaribio la pili na la tatu likawa refu, kwotabeki Will Howard akanaswa pasi 2 na walinzi wa Michigan, na mpiga mikwaju wao akakosa mikwaju 2 ya chini ya yadi 40. Mapumziko yalifika 10–10. Kipindi chote cha pili Ohio State hawakupata hata pointi moja. Michigan wakaondoka na mkwaju wa Dominic Zvada wa yadi 21 zikiwa zimebaki sekunde 45, baada ya Kalel Mullings kuwatoka walinzi kwa mbio ya yadi 27 katika jaribio la tatu.

Majeraha ya Simmons na McLaughlin yalijulikana kabla ya mechi. Aliyeutazama mstari wa mbele badala ya msimamo alikuwa na kila sababu ya kuogopa. Na ushahidi kwamba kikosi chenyewe hakikuwa kibovu ulikuja wiki chache baadaye: Ohio State hao hao, safu yao ya mbele ikiwa bado imeungwaungwa, waliwafunga Tennessee 42–17, Oregon 41–21, Texas 28–14 na Notre Dame 34–23 na kuchukua ubingwa wa taifa. Kilichobadilika ni kwamba waliacha kugonga ukuta na kuanza kuwapa wapokeaji wao mpira mapema. Kwangu hilo ndilo kosa kubwa la ufundi katika mechi hii kwa miaka mingi, na ndilo la kwanza la kuchunguza Novemba hii: je, makocha watacheza kwa nguvu za kikosi walichonacho, au watacheza kwa kiburi cha kuthibitisha kwamba hata wao ni wababe?

Kiburi hicho kina mizizi. Timu hizi zilikutana kwanza mwaka 1897, na tangu 1935 zimekuwa zikifunga ratiba ya msimu. Kati ya 1969 na 1978 makocha Woody Hayes wa Ohio State na Bo Schembechler wa Michigan walicheza hasa futiboli ya kukimbia, mwaka baada ya mwaka, na wakaifanya nguvu ya katikati iwe suala la heshima. Mwaka 1969 Ohio State walikuja na ushindi 22 mfululizo, wakafungwa 24–12. Hata msomaji wa Kinshasa ana cha kujivunia hapa: mwaka 1995 Tshimanga Biakabutuka, mzaliwa wa mji huo aliyekulia Quebec, aliivaa jezi ya Michigan akakimbia yadi 313 kwa mbio 37 dhidi ya Ohio State ambayo ilikuwa haijafungwa. Michigan wakashinda 31–23. Aliyetarajiwa kung'ara siku hiyo alikuwa mkimbiaji wa upande wa pili, Eddie George, aliyepewa tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, msimu huo huo.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Anza wiki mbili kabla. Fungua takwimu rasmi za kila timu, lakini usichukue wastani wa msimu mzima. Septemba timu hizi hukaribisha vyuo vidogo na kukimbia zitakavyo. Mechi hizo zinavimbisha namba. Chagua mechi 4 au 5 dhidi ya timu zenye ulinzi mzuri, hizo peke yake.

Kisha fanya hesabu ambayo wengi hawaijui. Katika futiboli ya vyuo, kwotabeki akiangushwa kabla hajapasia, yadi alizorudishwa nyuma hukatwa kwenye yadi za kukimbia. NFL hawafanyi hivyo. Kwa hiyo timu inaweza kuonekana haiwezi kukimbia kumbe tatizo lake ni kumlinda kwotabeki. Tuseme karatasi inasema mbio 35, yadi 120. Huo ni wastani wa 3.4, unaonekana dhaifu. Lakini ndani yake kwotabeki aliangushwa mara 4 na kupoteza yadi 30. Ondoa hizo: zinabaki mbio 31 kwa yadi 150, wastani wa 4.8. Hizo ni timu mbili tofauti kabisa. Ukifanya hesabu hii kwa pande zote mbili utajua zaidi ya robo tatu ya watu watakaokuwa wakibishana kazini kwenu.

Wastani wenyewe nao hudanganya, maana mbio moja ya yadi 80 hufunika mbio 15 zilizokwama. Ndiyo sababu wachambuzi hutumia kipimo cha mafanikio kwa kila jaribio: jaribio la kwanza limefaulu likipata nusu ya yadi zinazohitajika, la pili asilimia 70 ya zilizobaki, la tatu na la nne zote. Chukua kalamu na karatasi, weka alama ya tiki au mkasi kwa kila mbio. Timu inayofaulu karibu nusu ya mbio zake inaudhibiti mstari. Ikishuka chini ya theluthi moja, inasukumwa, hata kama wastani wake unapendeza.

Wiki ya mechi, acha habari za wafungaji na usome habari za majeruhi wa safu ya mbele. Magazeti yatajaza kurasa kuhusu kwotabeki na mpokeaji nyota. Wewe tafuta watu 5 tu kwa kila timu: yule wa katikati anayeanzisha mpira, wawili walio kando yake, na wawili wa pembeni. Akikosekana wa pembeni, kocha anaweza kumsaidia mbadala wake kwa kumwongezea mtu. Akikosekana wa katikati, tabu ni kubwa zaidi, kwa sababu yeye ndiye anayewaambia wenzake nani amzuie nani, na mbadala wake hukosea hata namna ya kuurusha mpira nyuma. Akikosekana mmoja na mwingine akahamishwa kuziba pengo, hesabu mapengo mawili. Ligi ya Big Ten, ambamo timu hizi mbili hucheza, inazitaka timu zitoe orodha ya wasiocheza si chini ya saa 2 kabla ya mechi. Mechi hii kwa desturi huanza saa 6 mchana, kwa hiyo kaa tayari saa 4 asubuhi. Utabiri wa Jumatano ni wa kuburudishana tu; wa saa 4 asubuhi ya Jumamosi ndio wenye uzito.

Mechi ikianza, jifunze kuhesabu watu kabla mpira haujatoka. Timu inayoshambulia ina wazuiaji 5 wa kudumu. Akisimama na mwingine pembeni yao, wanakuwa 6. Sasa hesabu walinzi waliosogea karibu, wale walio ndani ya upana wa safu hiyo na si zaidi ya yadi 7 hivi kutoka mstari. Wakiwa 6, kila mlinzi ana mtu wa kumzuia, na mkimbiaji ana nafasi nzuri. Wakiwa 7, mmoja hana wa kumzuia, na huyo ndiye atakayemwangusha mkimbiaji. Wakiwa 8, kukimbia katikati ni kujipigiza ukutani, lakini nyuma wamebaki walinzi 3 tu dhidi ya wapokeaji wenye mbio.

Hapo ndipo tunairudia 2022. Ohio State waliogopa kukimbiwa kama mwaka uliotangulia, wakapeleka watu wengi mbele na kuacha nyuma wazi. Michigan hawakulazimisha. Walipasia juu ya vichwa vyao: Cornelius Johnson akapata tachidauni za yadi 69 na 75, Loveland ya yadi 45. Kwa hiyo usiandike tu yadi za mbio. Andika pia ni mara ngapi walinzi walilazimika kupeleka mtu wa ziada. Timu inayomzuia mkimbiaji kwa watu 6 tu imeshinda vita kimya kimya, kwa sababu imebakiwa na watu 5 wa kulinda pasi. Hiyo ndiyo ilikuwa siri ya Graham na Grant: kila mmoja alihitaji watu wawili wa kumzuia, na walinzi waliokuwa nyuma yao wakabaki huru kumfuata mwenye mpira.

Mpira ukitoka, pinga tamaa ya kuufuata kwa macho. Hesabu sekunde moja ukitazama kofia za wale wa mbele. Zimesogea upande gani wa mstari? Nani ameinuka wima na nani bado yuko chini? Katika kusukumana, aliyeinuka ameshapoteza, maana mwenzake amemwingia chini ya mabega na anamwendesha. Ukiona kwotabeki wa Ohio State anaupokea mpira na papo hapo mlinzi wa Michigan yuko yadi 2 ndani, haijalishi matangazo yanasema nini kuhusu pointi. Shida inakuja.

Kelele nazo zina kazi yake. Ohio Stadium hukaa watu zaidi ya 100,000, na Novemba 28 wengi watakuwa wa nyumbani, kwa hiyo anayeumia ni kwotabeki wa Michigan. Tangu 2024 mchezaji mmoja wa kila upande ana redio ya kumsikia kocha ndani ya kofia, lakini redio hiyo hukatika zikibaki sekunde 15 kwenye saa ya kuanzisha mpira. Kuanzia hapo wachezaji wako peke yao. Wasiposikiana, hutumia ishara: mtu aliye kando ya mwanzishaji humgusa, naye hutulia kidogo kisha huutoa mpira. Ikiwa kila mara mtulio huo ni wa urefu ule ule, walinzi huukariri na kuanza kuruka kabla wazuiaji hawajainuka. Angalia kama Michigan wanaubadilisha. Na angalia wanajipanga zikiwa zimebaki sekunde ngapi: timu inayojipanga chini ya sekunde 10 mara kwa mara itaishia kupewa adhabu za yadi 5 au kutumia vibaya mapumziko yake mafupi, ambayo ni 3 tu kwa kila kipindi. Hata hivyo, usiipe kelele uzito kupita kiasi. Mwaka 2022 na 2024 Michigan walishinda Columbus, na 2025 Ohio State walishinda Ann Arbor. Mgeni ameshinda mara 3 katika mechi 4 za mwisho.

Hali ya hewa, kwa maoni yangu, watu huitazama vibaya. Wanaogopa theluji. Theluji ni ya picha. Mwaka 2025 ilidondoka Ann Arbor na Ohio State bado wakapasia tachidauni 3. Upepo ndio adui wa pasi ndefu na wa mikwaju. Uwanja wa Columbus una umbo la kwato, umefungwa kaskazini na upande wa kusini uko wazi zaidi, kwa hiyo tazama utabiri wa upepo kutoka kusini kuliko nyuzi za baridi.

Kwenye mikwaju, jifunze kukokotoa umbali mwenyewe. Mpira ukiwa yadi ya 20, mkwaju si wa yadi 20. Ongeza 17: yadi 10 za eneo la mwisho lenye milingoti nyuma yake, na 7 ambazo mpira unarudishwa kwa mshikaji. Ni mkwaju wa yadi 37. Angalia pia mpira uko katikati au kando. Katika vyuo, mistari miwili midogo ambayo mpira huwekwa kati yake imeachana mita 12.2, wakati milingoti imeachana mita 5.6 tu. Mpira ukiwa kando, hata mkwaju wa karibu unapigwa kwa pembe kali. Kocha mwenye akili hutumia jaribio la tatu kumpeleka mkimbiaji katikati, si kutafuta yadi, bali kumsogezea mpigaji wake mpira mahali pazuri. Fika uwanjani mapema uwatazame wapigaji wakipasha moto katika pande zote mbili. Wanapoacha kurudi nyuma ndipo ulipo mwisho wao kwa upepo wa siku hiyo.

Kuhusu pasi kunaswa na mipira kudondoshwa: zina uzito mkubwa, kama 2023 Rod Moore aliponasa pasi ya Kyle McCord zikiwa zimebaki sekunde 25. Lakini usijaribu kuzitabiri. Unachoweza kutabiri ni mazingira yake, na mazingira hayo ni jaribio la tatu refu. Timu inayolazimishwa kupasia ikihitaji yadi 8 au zaidi ndiyo inayonaswa.

Yadi 20 za mwisho zinahitaji jicho la pekee. Uwanja umefupika, walinzi hawana haja ya kuogopa pasi ndefu, na mpokeaji wa mbio nyingi hana pa kukimbilia. Asiyeweza kusukuma hapa hupata pointi 3 badala ya 7. Michigan walimaliza mechi ya 2025 na pointi 9: mikwaju 3, tachidauni hakuna. Ukiona timu imefika huko mara 3 na ina mikwaju tu, hata ikiwa inaongoza, jua uongozi huo ni mwembamba.

Ikifika robo ya nne tofauti ikiwa pointi 8 au chini, tazama saa. Tangu 2023 saa haisimami tena timu inapopata yadi 10, isipokuwa dakika 2 za mwisho za kila kipindi. Anayeongoza akiwa na mpira anaweza kula karibu sekunde 40 kwa kila jaribio ikiwa mpinzani hana mapumziko mafupi. Majaribio 3 ni dakika 2. Kwa hiyo mpinzani aliyechezea mapumziko yake mapema atakufa akiwa amesimama pembeni anatazama. Wakitoka sare, kila timu hupewa mpira kwenye yadi ya 25 ya mpinzani. Kuanzia nyongeza ya pili, atakayefunga tachidauni lazima ajaribu pointi 2, yaani kuuingiza mpira tena kutoka yadi ya 3, badala ya mkwaju, na kuanzia ya tatu wanabadilishana majaribio ya pointi 2 tu. Hata hapo anayesukuma ana faida, maana yadi 3 ni kazi ya safu ya mbele.

Umeniuliza kinachoamua, nami sitakukwepa kuhusu mwelekeo wangu. Kocha Ryan Day wa Ohio State alipoteza mechi 4 mfululizo dhidi ya Michigan kabla ya kushinda 2025, na ushindi ule ulikuja kwa kukimbia kwa subira na kushikilia mpira muda mrefu. Akirudi na subira hiyo, na watu wake 5 wa mbele wakiwa wazima saa 4 asubuhi ya siku ile, nawapa Ohio State. Akikosekana wa katikati, au wawili wowote kati ya hao 5, nitaibadilisha kauli bila kuangalia msimamo unasema nini. Na kizingiti changu ni hiki: Michigan wakifaulu zaidi ya asilimia 45 ya mbio zao hadi mapumziko bila kuwa nyuma kwa zaidi ya pointi 7, wao ndio watakaomaliza mechi wakiwa mbele.

Jambo la mwisho ni viti. Watu hugombania katikati ya uwanja, lakini pale unaona mbio kutoka ubavuni na huoni nani kasukumwa. Ukipata viti vya juu nyuma ya milingoti, hata kama ni vya bei ya chini, utaona mapengo yanavyofunguka na kufungika, na utaweza kuhesabu walinzi bila shida. Mkitazamia nyumbani, subiri marudio yanayoonyeshwa kutoka nyuma ya kwotabeki. Na ndugu walioko Dar es Salaam au Nairobi waambie waweke saa 2 usiku.